Filimbi Kifuani mwa Papa Alfani

Miaka ile ukifika mtaa wa Mangobo, Kisangani, ukaulizia nyumba ya papa Alfani, hakuna aliyekutajia milango wala vitanda alivyowachongea watu. Walikuuliza kwanza, "Papa Alfani wa pumzi?" Ukiitika, walikusindikiza mpaka uani kwake, na njiani walikusimulia jinsi Mungu alivyomtunuku mzee yule pumzi isiyo ya watu wote. Mwenyewe akisikia sifa zake zinakuja kutoka barabarani, alikuwa akiinama chini ya meza kutafuta msumari ambao haukuanguka. Wageni walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, tena ile ya zamani, iliyokwisha kuzoea nyumba.

Alfani alikuwa mtoto wa Kisangani, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walishuka na misafara ya biashara kutoka Kasongo, wakakaa, wakaoa, wakasahau njia ya kurudi. Baba yake alikuwa mpasua mbao. Yeye akawa seremala, akafungua karakana ya mabati makuukuu kando ya barabara, na mbao aliyoipenda kuliko zote ni kambala: nzito, ya rangi ya asali, mchwa hawaigusi. Ila kambala ina vumbi baya. Na Mangobo umeme wa bwawa la Tshopo huja unapotaka wenyewe; ukija, maseremala wote wa mtaa huacha hata chakula sahanini wakakimbilia mashine za randa, maana hakuna ajuaye utakatika saa ngapi. Basi vumbi hupanda mtaa mzima likasimama hewani. Watu hupita wakikohoa na kucheka, wakisema umeme umerudi.

Kifua cha Alfani kilianza kupiga filimbi wakati Zaina, binti yake wa pekee, yuko bado shule. Mara ya kwanza alidhani ni mafua. Baadaye alishindwa kumaliza kupiga randa ubao mmoja. Alisimama ameshika meza kwa mikono miwili, mabega juu, akivuta hewa inayoingia kidogo na kukataa kutoka. Akaenda peke yake, bila kumwambia mtu, kwenye kituo cha afya upande wa Simi-Simi, mbali na macho ya majirani. Huko akamkuta muuguzi aitwaye Micheline, mwanamke asiyepoteza maneno, akamwekea kipimo mgongoni na kumsikiliza.

"Papa, iko asthme," alisema Micheline, yaani pumu. "Njia za pumzi zinakazana ndani. Hewa inaingia, lakini kutoka iko shida, njo maana inapiga filimbi. Haiko kifua kikuu. Haiambukizake mutu."

"Inaponaka?"

"Inatulizwaka. Bon, utakamata hii pompe. Kifua ikifunga, unapuliza. Na ile vumbi yako, ufunge kitambaa mu pua."

Neno lile, kwamba haiambukizi, lingetosha kumrudisha mtu nyumbani akiimba. Lakini Alfani aliwajua watu wake. Kwao mwenye kifua hutengewa kikombe. Hatukanwi, hafukuzwi, anatengewa kikombe tu, nacho kinasema yote. Baba yake alitengewa kikombe cha bati, kikatundikwa kwenye msumari nje ya jiko, na mzee akakinywea mpaka akafa, bila mtu kumkaribia kwa zaidi ya salamu. Kukiosha ilikuwa kazi ya Alfani, naye kijana wakati huo. Alikiosha kwa majivu, akikishika kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia pembeni. Sasa yeye akipita mtaani na filimbi kifuani, nani angejali maneno ya muuguzi wa Simi-Simi? Akaitia pompi, kile kichupa cha dawa ya kupuliza mdomoni, katika sanduku la misumari, chini kabisa, akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini wahenga hawakuwahi kutengewa kikombe.

Kila Alhamisi baada ya Alasiri wanaume wa mtaa walikusanyika uani kwa shehe Idrissa kwa zikri. Waliojionea wanajua. Mduara husimama bega kwa bega, jina la Mungu hutajwa polepole, kisha sauti inazama, inabaki pumzi tupu ya kifuani, wote wakiivuta na kuitoa pamoja, kasi ikipanda, hadi ua mzima unahema kwa kifua kimoja. Alfani alilipenda jambo hilo tangu utoto. Alhamisi moja alikwenda huko akitoka moja kwa moja kwenye kambala, vumbi bado liko kwenye nyusi, na pompi akaitia mfuko wa ndani wa kanzu kwa tahadhari. Kasi ilipopanda, kifua kikafunga. Filimbi ikatoka, nyembamba, ndefu, ikasikika juu ya pumzi za wenzake wote. Akaanguka magoti.

Shehe Idrissa alikuwa mtu mwema asiye na hila. Alisikia filimbi ile, akaamini kwamba ndugu yao amechukuliwa na hali, ile inayowapata waja wachache, moyo ukimtaja Mola mpaka mwili unashindwa kuubeba. Akavua shali yake akamfunika. Chini ya shali Alfani akapapasa mfuko, akapuliza pompi kimyakimya, akangoja. Hewa ikafunguka. Alipoinuka uso ulikuwa umetulia, macho yana maji, na watu wakaona mtu aliyerudi kutoka mbali. Alifungua mdomo aseme kwamba ni ugonjwa tu. Lakini shehe alikuwa analia kwa furaha mbele ya kila mtu, na mzee mmoja alikuwa ameshika pindo la kanzu yake akiomba dua. Alfani akafunga mdomo. Atasema kesho, watu wakipoa. Kesho hiyo ikangojwa mpaka Zaina akaolewa, akazaa, akaachika, akarudi kwa baba yake na mtoto mgongoni.

Tusidanganyane, uongo una utamu wake. Mtu yule aliyeogopa kutengewa kikombe akawa anapewa kikombe cha shehe mwenyewe, cha udongo mweupe, chenye ukingo wa dhahabu, na chai aliyoibakiza watu waliigombea. Akina mama wakaanza kumletea watoto wenye shida ya pumzi, pamoja na bakuli la maji ayasomee. Aliyasoma kwa moyo, hakudanganya katika hilo. Kisha alimnong'oneza mama apitie na kwa Micheline. Na ili ajue la kumwambia kila mmoja, alikuwa akimdadisi Micheline kila alipokwenda kuchukua pompi nyingine, naye Micheline alimfundisha akidhani ni huruma tu ya mzee.

Alimwambia kwamba mtoto anayehema haraka haraka na homa, pua zikipanuka na mbavu zikibonyea, huenda ni nimonia, asicheleweshwe hata kidogo. Anayekohoa kwa sauti ya kubweka na kuvuta hewa kwa mkwaruzo, koo limevimba, naye aletwe. Mjane anayehema kila dakika bila kushiba hewa, vidole vikimfa ganzi, pengine ni huzuni na hofu zimemshika pumzi. Aketishwe, apumue taratibu, lakini apimwe vilevile. Mume anayekoroma, akanyamaza usingizini kama aliyezimwa, kisha akashtuka akitafuta hewa, mkewe asicheke, ampeleke kwa daktari.

"Na wa asthme, papa," Micheline alisema, "filimbi si ya kuogopa sana. Uogope filimbi ikinyamaza na mutu hajapona. Pale hewa haiko tena hata ya kupiga filimbi. Pale njo unakimbia."

Alfani alijiambia kwamba kheri aliyoifanya ilizidi lile kosa moja. Mizani aliishika mwenyewe, na anayejipimia hakosi kujizidishia. Maana lilikuwepo jambo baya zaidi, ambalo hata moyoni alilikwepa. Kwa kitambaa na kwa pompi kifua chake kilikuwa kimepata nafuu. Zikaja Alhamisi ambazo filimbi haikutoka kabisa. Aliona wageni wakimtazama, wakingoja, na shehe akimtazama kwa upendo, naye akakaza koo akaitoa mwenyewe. Siku ya kwanza alipofanya hivyo alirudi nyumbani akashindwa kula lituma ya ndizi za kupondwa, chakula alichokipenda tangu meno ya utoto. Baadaye alikula.

Mjukuu wake, msichana, aliitwa Feza. Alikuwa darasa la tatu kifua chake kilipoanza kupiga filimbi, wakati wa vumbi la kambala kama kawaida. Zaina alitoka chumbani uso unang'aa namna ambayo baba yake hakuwa ameiona tangu talaka.

"Papa, kuya usikie," alisema. "Mutoto amerizi pumzi yako. Mimi mwenye bwana aliniacha, mimi mwenye wanawake wa soko wananicheka, Mungu amenikumbuka."

Alfani alisikiliza mgongo wa mtoto. Ilikuwa filimbi yake, ile ile. Alimtazama binti yake aliyekuwa amesimama wima kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alichokifanya ni hiki: kesho yake alimchukua Feza nyuma ya mbao, akamwonyesha pompi.

"Kwanza unaangalia mulango," alimfundisha. "Kisha unageukia ukuta. Kisha unapuliza. Mutu asione, hata mama."

"Juu ya nini, babu?"

"Juu iko siri yetu mimi na wewe."

Feza alizipenda siri, mtoto gani hazipendi. Tangu hapo kifua kikimbana alikuja karakanani bila kusema neno, akaangalia mlango, akageukia ukuta. Kwa Micheline Alfani alisema kuna mtoto wa jirani ana shida hiyo hiyo. Micheline akamjibu amlete amwone, kwa kuwa mtoto ana dozi yake na huenda akahitaji dawa ya kila siku, si ya kuzima moto tu. Alfani akaahidi kumleta. Hakumleta. Kumpeleka ni lazima Zaina ajue, na Zaina akijua ataporomoka pale alipopandishwa. Ndivyo alivyojieleza, na ndani yake mlikuwa na ukweli kidogo. Aliyeogopa kuporomoka zaidi ni yeye.

Ukaja mwezi wa Maulidi. Wageni walifika kutoka Kindu, ua wa shehe ukajaa, na shehe akaagiza mtoto aketishwe mbele ya wanawake, watu wamwone mjukuu wa Alfani. Asubuhi ile umeme ulikuwa umerudi na mtaa ulikuwa umejaa vumbi. Uani vyetezo vya ubani vilifuka kila pembe, moshi ukakaa chini kwa kuwa hakukuwa na upepo. Alfani aliuona moshi huo. Alimwona Feza amevalishwa nguo nyeupe, amekaa sawasawa na mikono mapajani. Akaingia mduarani.

Kasi ilipopanda, Feza akaanza. Filimbi yake ilivuka ua, wanawake wakapiga vigelegele. Zaina alikuwa amenyoosha mikono kuwazuia waliotaka kumshika.

"Musimuguse," alisema. "Mutike mutoto na Mungu wake."

Alfani naye wakati huo alikuwa amekaza koo akitoa filimbi yake ya uongo, kwa ajili ya wageni. Watu wakasikia mbili, ya mzee na ya mtoto, moja huku na moja kule. Mtu mmoja nyuma yake akasema kwa sauti ya kulia kwamba babu na mjukuu wanaitikiana. Alfani akalisikia neno hilo mpaka kwenye mifupa. Akaacha ya kwake. Ikabaki ya Feza peke yake, ikipanda, ikikonda, na halafu haikusikika.

"Ametulia," wanawake wakasema.

Alfani akageuka. Mabega ya mtoto yalikuwa yamefika masikioni. Pale chini ya koo ngozi ilikuwa inabonyea ndani kila alipojaribu kuvuta hewa, midomo imekuwa rangi ya majivu, na hakuna sauti iliyotoka. Alijua anachokiona. Katika ua ule wote ni yeye peke yake aliyejua. Na bado alingoja. Si muda mrefu, ni kiasi cha mtu kumeza mate, lakini alingoja, akitumaini kwamba mwingine ataona, kwamba Zaina atapiga kelele, kwamba lolote litatokea isipokuwa yeye kuutia mkono mfukoni mbele ya watu. Hakuna aliyeona. Walikuwa wanafurahi.

Akauvunja mduara. Aliwapita wageni, akapiga magoti mbele ya mjukuu wake, akatoa pompi ya buluu. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Akaiweka mdomoni mwa mtoto, na Feza akageuza uso. Alikuwa hana hewa hata ya kusimama, lakini kwa mkono wake mdogo aliisukuma pompi irudi ndani ya mkono wa kanzu ya babu yake, aifiche, huku macho yakizunguka kwa hofu kuwaangalia waliomtazama.

"Babu," alisema, neno kwa neno. "Watu."

Shali ya shehe ilikuwa hapo karibu, kwenye kiti. Angeweza kumfunika, na siri ingepata maisha mengine. Aliitazama shali ile, aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka kichwani, akaiacha ilipo.

"Waone," alisema. "Fungua kinywa, mama yangu. Tika waone."

Akapuliza, akamhesabia mtoto apumue, akapuliza tena, kisha akambeba akatoka naye mbio akiita pikipiki. Zaina alirukia nyuma bila viatu.

Kituoni Micheline hakuuliza maneno mengi. Alimfunga Feza hewa ya mtungi, akatoboa chupa ya maji ya plastiki na kuchomeka pompi upande mmoja, mtoto akavuta dawa kupitia mdomo wa chupa, tena na tena. Ilichukua muda. Kwanza filimbi ilirudi, na Alfani aliposikia filimbi imerudi alikaa sakafuni na kulia. Baadaye midomo ya mtoto ikapata rangi yake. Shehe Idrissa alikuwa amefika, amesimama mlangoni na shali begani.

"Nani mwengine mu famille iko na asthme?" Micheline akauliza.

"Hakuna," alisema Zaina. "Asthme gani? Kwetu hakuna mugonjwa."

"Mimi," alisema Alfani kutoka sakafuni.

Micheline alimtazama, akaelewa habari ya mtoto wa jirani, na uso wake ukabadilika. Hakumkemea. Aliuliza tu kama kuna mwingine kabla yake. Alfani alitaka kusema hapana. Halafu akamkumbuka baba yake, mpasua mbao, jioni akirudi ameshika ukuta, na sauti iliyotoka kifuani mwake ambayo watoto walikuwa wakiiga kwa kucheka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuziweka filimbi mbili pamoja.

"Baba yangu," alisema. "Pengine."

"Alipimwaka?"

"Hapana. Tulimutengeaka kikombe."

Zaina hakupandisha sauti, na baba yake angependa aipandishe.

"Papa, tangu wakati gani ulijua?"

"Tangu wewe ulikuwa bado masomo."

Akamgeukia mtoto, akamlaza vizuri, akamfunika miguu. Hakumsemesha tena baba yake siku hiyo. Shehe ndiye aliyeuliza lake, kwa upole uliouma kuliko fimbo.

"Alfani, siku ile nilikufunika na shali yangu. Chini yake ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakamata dawa, shehe."

"Na mimi nililia."

"Nilikuona. Njo ilinifunga mudomo."

Shehe aliitazama shali, akaikunja. "Alhamisi utasema mwenyewe," alisema. "Mimi sitakusemea."

Alhamisi Alfani akasema. Alisimama katikati ya ua bila kanzu, kwa shati lake la kazi, pompi mkononi, akawaambia kwamba kile walichokiita hali ni ugonjwa, unaitwa asthme, na mtoto nusura afe kwa sababu yake. Mnajua watu walivyo. Yule mzee wa pindo la kanzu alifuta machozi akasema, "Mumeona unyenyekevu huo?" na wengine wakaitikia. Alfani akaona uongo wake umekua mpaka haumsikii tena hata yeye aliyeuzaa. Basi akafanya jambo ambalo hakuwa amelikusudia. Akakaza koo, akaitoa filimbi, ndefu, nzuri, ile ile waliyoililia. Akaikata. Akaitoa tena. Akaikata. Kisha akawatazama.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini Alfani alijivua mwenyewe na hakuwa na pa kuchutama. Mzee wa pindo aliinuka akaenda zake, akiburuta fimbo. Wapo waliotazama chini kwa haya ya mwenzao, na hao ndio waliomuuma zaidi. Shehe aliendesha zikri kama kawaida, fupi, na Alfani alisimama mwisho wa mduara akipumua kama kila mtu.

Baadaye ikaletwa chai. Mwanamke wa jirani, mtu mzuri tu, mwenye watoto wake wa kuwalinda, alipita na sinia akawagawia wanaume vikombe vya udongo. Alipomfikia Alfani alisita. Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha plastiki chenye ufa ukingoni, akakiweka peke yake mwisho wa benchi, akarudi nyuma hatua moja kabla ya kumwambia karibu papa. Hakukuwa na ubaya usoni mwake. Alfani alikijua kikombe hicho kabla hakijatua. Alikuwa amekikimbia maisha yake yote. Akasema asante, akanywa kidogo, akakirudisha palepale, uso unamwaka.

Zaina alikuwa upande wa wanawake na Feza amemwegemea, chupa yake ya plastiki na pompi juu ya mapaja, mahali pa kila mtu kuona. Tangu kituoni alikuwa akimpikia baba yake, anamwekea chakula, anaondoka. Sasa aliinuka. Alivuka ua mzima, upande wa wanaume, wanawake wa soko wakimtazama, akasimama mbele ya benchi. Alfani akainamisha kichwa akingoja lolote, kwa kuwa lolote lilikuwa haki yake.

Zaina alikichukua kile kikombe cha plastiki. Hakukishika kwa ncha za vidole. Alikishika kwa kiganja kizima, akakigeuza mpaka pale pale penye ufa, mdomo wa baba yake ulipokuwa umegusa, akanywa chai yote iliyobaki. Akakirudisha kitupu.

"Iko na sukari mingi," alisema, yakawa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile. "Micheline alisema uache sukari?"

"Hapana," alisema Alfani. "Hakusema."

"Bon," alisema Zaina, akarudi kwa mtoto wake.

Alfani alibaki na kikombe kitupu mkononi. Watu wakaanza kuongea tena, taratibu, habari za umeme na bei ya mbao. Yeye hakuwasikia. Alikuwa anakiona kile cha bati, kimetundikwa kwenye msumari nje ya jiko, na baba yake anakuja kukishusha mwenyewe kwa sababu hakuna aliyetaka kumshushia. Alfani alikiosha kila siku mpaka mzee akafa. Hakuwahi kukinywea hata funda moja.